Langoni Husimama Mmoja

Agosti 3, 2025, uwanja wa Kasarani, Nairobi. Kenya inafungua kampeni yake ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, dhidi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, nchi iliyowahi kulitwaa taji hilo mara mbili. Austin Odhiambo anaipa Kenya bao kabla ya mapumziko. Kuanzia hapo kazi inahamia upande wa pili wa uwanja, kwa kipa Byrne Omondi. Wakongo wanashambulia, mpira unapigwa tena na tena ndani ya kumi na nane, lakini haupiti. Kenya inashinda 1-0.

Angola ilifuata, sare ya 1-1. Kisha Morocco, waliokuja kutwaa kombe mwisho wa mwezi. Kenya ilicheza kipindi chote cha pili ikiwa na wachezaji 10 baada ya Chrispine Erambo kuonyeshwa kadi nyekundu, na bado ikashinda 1-0 kwa bao la Ryan Ogam. Zambia nao walifungwa 1-0. Mechi nne za makundi, bao moja tu wavuni, na kileleni mwa kundi. Safari ilikatika robo fainali mbele ya Madagascar, 1-1 baada ya dakika 120, kisha 4-3 kwa mikwaju ya penalti. Lakini kufikia hapo Wakenya walishapata jina jipya la kulitaja kila wanapobishana nani adake.

Aliyekuwa benchi siku hizo zote ni Farouk Shikhalo wa Bandari, na simulizi lake ndilo linaloonyesha ugumu wa kazi hii. Mwaka 2019 Shikhalo alikuwa Misri na Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Kikosi kilikuwa na makipa watatu: Patrick Matasi, John Oyemba na yeye. Matasi ndiye aliyedaka, na mechi dhidi ya Senegal akaupangua mkwaju wa penalti wa Sadio Mané, ingawa Senegal walishinda 3-0. Shikhalo alihamia Yanga ya Dar es Salaam mwaka huohuo, akadakia klabu nyingine za Tanzania, kisha akarejea Bandari. Miaka sita baada ya Misri akaitwa tena Stars kwa mashindano makubwa, na akakuta kijana mwingine amesimama mlangoni. Hakuporomoka kiwango wala hakutoroka kambi. Nafasi ni moja tu, na safari hii pia ilikuwa ya mwingine.

Mshambuliaji asiyeanza ataingizwa dakika ya 60. Beki wa kulia anaweza kusogezwa kati. Kocha siku hizi ana mabadiliko matano, na yote huwaendea wachezaji wa ndani. Kipa wa pili hupasha misuli moto, hupigiwa mashuti ili kumwandaa mwenzake, kisha huketi dakika 90. Ligi Kuu ya Kenya ina timu 18, maana yake kwa wiki moja nchi nzima ina nafasi 18 za kipa wa kwanza katika daraja la juu, na baadhi huenda kwa wageni. Kijana anayetaka kudakia taifa lazima kwanza aipate mojawapo ya hizo 18. Baada ya hapo asubiri mlango wa Stars ufunguke, na mara nyingi hufunguka kwa jambo ambalo yeye hakulipanga.

Mwaka 2025 mambo ya namna hiyo yalifuatana. Machi, Shirikisho la Soka la Kenya, FKF, lilimsimamisha Matasi kwa siku 90 kupisha uchunguzi wa madai ya kupanga matokeo. Ian Otieno, mwenye uzoefu mkubwa kuliko vijana wengi wa nyumbani, alikuwa akicheza Afrika Kusini, na kanuni za CHAN haziruhusu wachezaji wa nje. Kocha Benni McCarthy ndiyo kwanza alikuwa ameingia, akamleta Moeneeb Josephs kuwa kocha wa makipa, mtu asiye na deni kwa jina lolote la zamani. Josephs anaijua hali ya kusubiri benchi kuliko wengi. Kwenye Kombe la Dunia la 2010 alikuwa benchi la Afrika Kusini dhidi ya Uruguay pale Itumeleng Khune alipotolewa kwa kadi nyekundu. Josephs akaingia akiwa na mikono baridi, na mpira wa kwanza kuelekezwa kwake ulikuwa penalti ya Diego Forlán. Aliruka, mpira ukaingia. Mechi iliyofuata, dhidi ya Ufaransa, akaanza yeye, na Afrika Kusini ikashinda 2-1.

Kwa hiyo inapoulizwa kwa nini Omondi alipenya, jibu la kwamba ana kipaji linaeleza nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba siku nafasi ilipotokea, yeye alishakuwa na mechi za ligi miguuni, alizocheza Bandari kabla ya kuhamia Gor Mahia. Kipa hatengenezwi kambini kwa wiki tatu. Kambi humkuta ameshatengenezwa, au haimpati kabisa.

Anatengenezwa wapi? Kwa sehemu kubwa ya Kenya magharibi, jibu ni shuleni, na hapo ndipo Kitale na Bungoma zinapoingia.

Kitale ni mji wa mahindi, makao makuu ya Trans Nzoia, takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Ni mji wa soka la shule pia. St. Anthony's Boys, ambao mashabiki huwaita Solidarity, ni jina linaloogopwa katika michezo ya kitaifa ya shule za sekondari. Wasichana wa Wiyeta na wale wa St. Joseph's wamejenga sifa hiyohiyo kwa soka la wanawake. Ukishuka kusini kupitia Kimilili unaingia Bungoma, nchi ya miwa, ambako uwanja wa Sudi umekuwa nyumbani kwa klabu ya Nzoia Sugar na ule wa Masinde Muliro, Kanduyi, uliandaa sherehe za kitaifa za Madaraka mwaka 2024.

Miji hii miwili ni majirani, lakini katika michezo ya shule ni kama mataifa mawili. Trans Nzoia hushindana katika eneo la Bonde la Ufa, Bungoma katika eneo la Magharibi. Kipa wa Kitale atapambana na timu za Uasin Gishu na Nakuru kabla ya kufika fainali za kitaifa. Kipa wa Bungoma ana kisiki kingine: ili atoke Magharibi lazima awapite wababe wa Kakamega, Kakamega School na Musingu. Huenda yeye ndiye bora katika kaunti yake yote, lakini timu yake ikitolewa mapema hakuna skauti atakayemwona akidaka mbele ya mshambuliaji wa kiwango cha taifa. Mshambuliaji hodari hukumbukwa hata katika timu iliyofungwa. Kipa wa timu iliyofungwa mabao matano hukumbukwa kwa mabao matano, hata kama aliokoa kumi.

Vijana wa Bungoma wana mtu wao wa kumtazama, ingawa wengi wao walizaliwa baada ya enzi zake. James Siang'a alidakia Gor Mahia na Harambee Stars miaka ya 1970, na alikuwa katika kikosi cha 1972 kilichokwenda Cameroon, mara ya kwanza kabisa kwa Kenya kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika. Kenya ilifungwa 2-1 na wenyeji, ikatoka sare ya 1-1 na Mali na nyingine ya 1-1 na Togo. Baada ya kuvua glavu, Siang'a akawa kocha, akafundisha Harambee Stars, akavuka mpaka kwenda kuzifundisha timu za Tanzania na Uganda. Alifariki kwao Bungoma mwaka 2016.

Siku kubwa zaidi ya ukocha wake ilikuja Agosti 2003, Cairo. Siang'a alikuwa kocha wa Simba, na wapinzani walikuwa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika. Simba ilikuwa imeshinda 1-0 Dar es Salaam. Zamalek wakashinda kwa idadi hiyohiyo, mshindi akatafutwa kwa penalti. Langoni mwa Simba alisimama kijana mfupi kwa viwango vya makipa, ambaye hata miaka 20 hakuwa ametimiza: Juma Kaseja. Wamisri wakapiga, Kaseja akapangua, Simba ikashinda 3-2 na kufuzu hatua ya makundi. Makocha wengi wangetafuta mtu mzima wa kupeleka Cairo. Siang'a, aliyekuwa kipa mwenyewe, alimpa kijana kazi hiyo, na kwa maoni ya mwandishi huyu hilo ni somo kubwa la ukipa kuliko penalti zenyewe.

Kaseja naye akaja kuonja upande wa pili. Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, ilipokuwa chini ya Mbrazil Marcio Maximo, kuanzia 2006, kocha alimpendelea Ivo Mapunda, na nchi nzima ikagawanyika katika mabishano ya vijiweni kuhusu nani adake. Kaseja aliachwa nje, akarudi, akaachwa tena. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 34, aliitwa upya kwa mechi za kufuzu CHAN dhidi ya Kenya. Dar es Salaam ilikuwa 0-0, Nairobi 0-0, zikaja penalti, Tanzania ikashinda 4-1 mbele ya mashabiki wa Kasarani, na Kaseja alikuwa amepangua. Lango la Kenya siku hiyo lilikuwa la John Oyemba, yuleyule aliyekaa benchi Misri mwezi uliotangulia. Alipata nafasi yake hatimaye, na ikaishia kwa maumivu.

Turudi shuleni, kwa sababu huko ndiko mengi huamuliwa bila mtu kuona.

Kwenye uwanja wa kawaida wa shule ya magharibi, nyasi huanza kuisha mlangoni pa goli. Ndipo panapokanyagwa zaidi, ndipo maji ya mvua hutuama, na kufikia muhula wa pili panabaki udongo mtupu, mgumu kama sakafu wakati wa jua na utelezi mtupu baada ya mvua ya alasiri. Mlingoti unaweza kuwa wa mkaratusi, wavu haupo, na kila goli linalopita lazima mtu akaufuate mpira shambani. Kijana anayeruka kulia hapo huangukia nyonga. Akiruka mara kumi ngozi huchubuka. Kesho yake mazoezini, bila hata kujitambua, atauzuia mpira wa kulia kwa mguu ili asianguke. Wiki zikipita inakuwa tabia. Miaka miwili baadaye kocha wa klabu atamtazama na kusema kijana ni mzuri ila upande wa kulia anachelewa, na hakuna atakayekumbuka kwamba ugonjwa ulianzia kwenye udongo ule.

Kuanguka kwenyewe ni ufundi unaofundishwa. Kipa aliyefunzwa hushuka kwa hatua: anasukuma kwa mguu ulio karibu na mpira, anatua kwa upande wa paja na ubavu, mpira ukiwa mbele ya uso, mkono mmoja nyuma yake na mwingine juu yake. Asiyefunzwa hutua kwa kiwiko, na mpira humponyoka anapogonga ardhi. Kwa mpira wa juu viganja hukaa pamoja nyuma ya mpira, vidole gumba vikikaribia kugusana, ili ukiteleza usipite katikati. Haya si siri za Ulaya. Yanaweza kufundishwa jioni yoyote Kitale au Bungoma na mtu mmoja anayeyajua, juu ya gunia la maranda au kipande cha nyasi kilichobaki nyuma ya madarasa. Tatizo ni kwamba mtu huyo mara nyingi hayupo. Timu nyingi za shule zina mwalimu mmoja wa mchezo, na mwalimu huyo ana wachezaji zaidi ya 20 wa kuwaangalia. Makipa hutumwa pembeni wakapigiane wenyewe, hadi watakapoitwa kwa mazoezi ya kupiga golini, ambayo kwa kweli ni mazoezi ya washambuliaji.

Mwinuko nao una lake. Hewa ya Kitale ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo mpira uliopigwa kwa nguvu hupunguza kasi polepole na haupindi sana hewani. Kipa aliyekulia huko huzoea mpira unaofika mapema na ulionyooka. Akisajiliwa Mombasa, krosi ileile huchelewa na kupinda zaidi, naye hujikuta ametoka langoni mapema mno. Wa pwani akipanda Kitale hupatwa na kinyume chake. Makipa wazuri huyarekebisha haya kwa siku chache za kupashia moto, lakini lazima mtu awaambie kwanza kwamba jambo hilo lipo.

Penalti haibadiliki mahali popote. Mita 11 kutoka kwenye alama, goli lenye upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Mkwaju wenye kasi ya kilomita 100 kwa saa hufika chini ya nusu sekunde. Kwa muda huo hakuna mtu anayeweza kungoja aone mpira unakwenda wapi ndipo aruke. Kipa huamua kwa kusoma hatua za mpigaji, mguu wa kukanyagia, nyonga. Ndiyo maana mazoezi ya penalti yenye maana ni ya kutazama wapigaji tofauti kwa wingi, na ndiyo maana kijana wa kijiji aliyezoea wapigaji walewale watano wa darasa lake anaingia mashindano akiwa nusu kipofu.

Sheria nazo zimeendelea kumwongezea kipa kazi. Tangu 1992 haruhusiwi kuushika mpira aliorudishiwa kwa makusudi na mguu wa mwenzake, kwa hiyo siku hizi kocha humtaka aanzishe mashambulizi kama beki. Tangu katikati ya 2025, akiudhibiti mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Kijana aliyewekwa golini akiwa darasa la tano kwa sababu alikuwa mrefu, au kwa sababu hakuwa na mbio, anafika ligi akiwa na mikono mizuri na miguu ya wasiwasi.

Hapa mfano wa mbali unasaidia. Caoimhín Kelleher wa Ireland alikuwa mshambuliaji utotoni, katika klabu ya mtaani ya Cork, na akawa kipa akiwa tayari kijana wa umri wa sekondari. Miguu ile ya mshambuliaji ilimfuata. Fainali ya Kombe la Ligi ya Uingereza ya 2022, Liverpool dhidi ya Chelsea, ilifika penalti na kila mchezaji wa uwanjani akapiga. Kelleher akapiga ya kwake na kufunga, kipa wa Chelsea akapaisha, Liverpool ikashinda 11-10. Hata hivyo aliendelea kuwa wa pili nyuma ya Alisson kwa miaka, hadi 2025 alipohamia Brentford ili awe kipa wa kwanza kila wiki.

Kwa timu ya taifa ya Ireland mshindani wake amekuwa Gavin Bazunu, mzaliwa wa Dublin ambaye babake ni Mnigeria. Bazunu aliwahi mapema mno: akiwa na umri wa miaka 16 alishadakia timu ya wakubwa ya Shamrock Rovers, akanunuliwa na Manchester City, na City hawakumkalisha benchi. Walimpeleka kwa mkopo Rochdale na Portsmouth, klabu za madaraja ya chini, akacheze. Mwaka 2021, akiwa na miaka 19, alikuwa langoni mwa Ireland huko Ureno akaupangua mkwaju wa penalti wa Cristiano Ronaldo. Aprili 2024 akaumia vibaya kano ya kisigino, na Kelleher akachukua mlango. Oktoba 2025, Ureno tena, Ronaldo tena, penalti tena, na safari hii aliyeipangua ni Kelleher. Nchi ndogo yenye makipa wawili waliomzuia mtu yuleyule, na bado siku ya mechi lazima mmoja aketi.

Ireland ina watu wachache kuliko Kenya kwa mbali. Kinachoitenga ni kwamba Bazunu wa miaka 16 alikuwa na klabu ya ligi kuu karibu na nyumbani iliyothubutu kumchezesha, na klabu kubwa iliyoelewa kuwa mkopo ni shule. Bungoma iliwahi kuwa na sehemu ya hayo. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, Webuye, kilikuwa na timu iliyocheza soka la juu nchini, na kijana wa Webuye aliweza kutembea kwa miguu kwenda kujaribiwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2009. Nzoia Sugar ikabaki ikipeperusha bendera ya kaunti, ikiwaleta Gor Mahia na AFC Leopards Sudi. Mwaka 2024 Nzoia nayo ikateremka daraja.

Hasara hiyo haikuwapiga mashabiki peke yao. Klabu ya ligi kuu hubeba makipa watatu au wanne, na mmoja wao aghalabu ni kijana wa hapo hapo, aliyesajiliwa kwa bei nafuu ili akue. Sasa kijana wa Bungoma anayemaliza shule lazima aangalie Kakamega, kwa Homeboyz, au aende Nairobi na Mombasa, akatafute chumba cha kupanga kabla hajapata mkataba. Wazazi wangapi watamwachia? Mzazi wa kiungo anaweza kuambiwa kwamba kuna nafasi mbili tatu katikati ya uwanja. Wa kipa huambiwa ukweli kwamba nafasi ni moja na mwenye nayo hana mpango wa kuiachia.

Kwa wasichana njia imeanza kuonekana wazi zaidi, na Kitale ina mchango wake. Mwaka 2024 Junior Starlets, timu ya Kenya ya wasichana wasiozidi miaka 17, iliifunga Burundi 5-0 kwa jumla ya mechi mbili na kuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufuzu Kombe la Dunia la FIFA. Kocha wao alikuwa Mildred Cheche, na wachezaji wake walikuwa wanafunzi wa sekondari, wengine kutoka shule za Trans Nzoia. Kwenye mashindano hayo, Jamhuri ya Dominika, walifungwa 2-0 na Uingereza, 3-0 na Korea Kaskazini, kisha wakaishinda Mexico 2-1. Makipa wa kikosi kile walikumbana na wapigaji wa mabara matatu ndani ya wiki moja wakiwa bado na vitabu vya shule mikobani. Oktoba mwaka uliofuata dada zao wakubwa, Harambee Starlets, wakaitoa Gambia na kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake, mara yao ya kwanza tangu 2016. Msichana wa Wiyeta anayedaka leo anaweza kuhesabu ngazi zake: shule, kikosi cha miaka 17, kikosi cha miaka 20, Starlets. Hatua hizo zipo na zina tarehe.

Wavulana nao wana mlango mpya, kama shule zitautumia. Tangu Januari 2026 sekondari ya juu chini ya mtaala mpya ina mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo, kwa hiyo kijana anaweza kusoma michezo kama somo lenye walimu na vipindi badala ya kuibia muda wa jioni. Ikiwa mkondo huo utaishia kwenye daftari utakuwa umepotea bure. Ikiwa utaleta hata mwalimu mmoja wa makipa kwa kila kaunti ndogo, akazunguka shule tano sita kwa wiki na begi la mipira, ule ubovu wa nyonga ya kulia ungegunduliwa kabla haujawa tabia. Jingine halihitaji hata shilingi: kipa wa pili wa shule apewe mechi. Mechi za kirafiki za muhula wa kwanza, kipindi cha pili cha mchezo ambao ushindi umeshapatikana, mashindano ya wadi wakati wa likizo. Makocha wengi huogopa. Wanamchezesha yuleyule mmoja hadi amalize shule, halafu mwaka unaofuata wanamwingiza mwenzake asiye na dakika hata moja, wanafungwa, na kijana anabeba lawama ya miaka minne ya kukaa.

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zimepangiwa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa pamoja. Omondi atataka kuulinda mlango alioupata CHAN. Otieno na Bwire, yule Brian aliyewika Tusker, hawataacha kubisha. Shikhalo ameshaonyesha kwamba hajui kukata tamaa. Na kuna yule ambaye bado hayupo kwenye orodha yoyote, anayecheza ligi ya chini au mechi za shule kwenye goli lisilo na wavu, na ambaye kwa sasa anahitaji tu Jumamosi nyingi za kudaka mechi kamili, kwa dakika zote 90, mbele ya washambuliaji asiowajua.